Siku Balthazar Alipoliliwa Akiwa Mzima

Mwezi uliopita nilikwenda kwetu Kasulo kumsalimia kaka yangu, nikakuta kuku anataga ndani ya machela.

Nakwambia kama nilivyoona. Tulitoka Biharamulo asubuhi, mimi na mjukuu wangu wa kike, tukasimama kidogo Lusahunga pale malori yanapopumzika, tukanunua karanga za kukaanga, na tulipofika kwa kaka nikasema nipisheni kwanza jikoni niote moto, habari nyingine zitafuata. Unaijua baridi ya kule kwetu vilimani mvua zinapoanza; inaingia kwenye magoti na haitoki. Nikakaa kwenye kigoda, nikainua macho, na juu kwenye dari la fito, katikati ya moshi, nikaiona. Miti yake miwili imekuwa myeusi kama sufuria. Kamba za mgomba zimekatika huku na huku. Na mahali pale anapolazwa mgonjwa amelala kuku mwekundu, ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeingia bila hodi.

"Bibi," mjukuu wangu akauliza, "kile ni kitanda cha nani?"

"Cha kijiji," nikamwambia, nikaanza kucheka. Kaka yangu alijua ninachokicheka, akacheka na yeye mpaka akapaliwa na moshi, na mtoto wa watu akabaki anatutazama wazee wawili tunajifuta machozi kwa sababu ya kuku. Ikabidi nimweleze. Na wewe nakueleza, maana nikinyamaza mimi na kaka yangu hakuna mwingine anayejua.

Machela yetu, kwa Kihangaza tunaiita ingobyi, na jina hilo hilo ndilo la nguo ambayo mama anambebea mtoto mgongoni. Ni kama kikapu kirefu, kimesukwa kwa mianzi na kufungwa kwenye miti miwili. Mgonjwa analala ndani, wanaume wanne wanaiweka mabegani, wengine wanatembea kando wakisubiri kupokea. Siku hizo barabara ilikuwa mbali nasi, na hospitali ya misheni ilikuwa ng'ambo ya mto, mwendo wa kutoka asubuhi mpaka jua linaanza kushuka. Kilima chetu chote kilikuwa na machela hiyo moja. Ilikuwa inaning'inia ukumbini kwetu, kwa sababu baba yangu Leonsi ndiye alikuwa mwenyekiti wa machela.

Usidhani ni cheo kidogo. Mtu akizidiwa upande wa pili wa bonde, walipiga yowe fupi mara tatu, na baba aliacha hata chakula mdomoni. Nimelala usingizi wangu wote wa utoto chini ya kitu kile. Mama alikuwa anapukuta vumbi ukumbini, lakini machela haigusi. Ilikuwa ya wanaume.

Na ilikuwa na sheria moja tu. Ukiitwa kubeba, unabeba. Anayekataa bila sababu anaondolewa, na siku akiugua yeye au wa nyumbani kwake, atafute namna yake. Akitaka kurudi, anakuja mwenyewe, anasimama mbele ya wenzake, anaomba. Basi. Baba alikuwa akisema sheria hiyo ndiyo kamba inayoishikilia machela, kuliko hata kamba za mgomba.

Sasa, jirani yetu Balthazar alikuwa na baiskeli.

Ilikuwa ya kwanza pale kwetu. Nyeusi, na kengele yake ilisikika tangu kisimani. Sisi watoto tulikuwa tunaikimbilia nyuma tukigombea kugusa kiti. Balthazar alikuwa mtu mrefu, mzuri wa sura, fundi wa mizinga ya nyuki. Asali yake ilikuwa nyeupe, na mkewe Yasinta alitulambisha kwa siri kwenye jani la mgomba. Kwa siri, kwa sababu mwenyewe hakupenda kutoa. Siku moja wanaume walipita kwake na mgonjwa, wakamwita apokee bega. Alikuwa anaipaka baiskeli mafuta. Hakusimama hata. Akasema, "Mimi nina chombo changu. Nikiugua nitajipakia mwenyewe nyuma, nijiendeshe."

Maneno hayo yalizunguka kilima chote kabla jua halijatua. Watu walicheka, lakini kicheko kibaya. Kwa sababu mgonjwa aliyekuwa ndani ya machela siku hiyo alikuwa mume wa Melania, na hakurudi. Sisemi alikufa kwa ajili ya Balthazar. Wabebaji walitosha, walifika mapema, ugonjwa wenyewe ndio ulikuwa mkubwa. Lakini Melania alikuwa anatembea kando ya machela, akamwita na yeye kwa jina lake, na jibu alilosikia ni kengele ya baiskeli ikijaribiwa nyuma yao. Mambo kama hayo mtu hayasahau.

Balthazar akaondolewa. Mwaka ukapita, wa pili ukaingia, hakuja kuomba.

Nikuambie kwanza wakati wenyewe ulivyokuwa, maana nikiukumbuka mate yananijaa. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanguka. Kumbikumbi walikuwa wanatoka, tunawategea kwa majani, tunawakaanga na chumvi kidogo, nyumba nzima inanukia. Vilima vyote vilikuwa na watu wanalima maharage. Ukisimama kwetu unaona nguo nyekundu, nguo nyeupe, majembe yanapanda na kushuka, na watu wanaongea kutoka kilima mpaka kilima kama wako chumba kimoja. Kazi yangu ilikuwa kupeleka maji shambani kwenye kibuyu na kumenya viazi vitamu vya mchana. Nilikuwa na miaka tisa, au kumi. Mama alihesabu kwa mavuno, si kwa kalenda.

Jumapili, kwenye kigango chetu cha nyasi, katekista wetu Gervasi alitusomea habari za yule aliyepooza ambaye watu wanne walimbeba, wakakuta mlango umejaa, wakapanda wakatoboa paa. Gervasi akauliza, "Nani anajua majina ya hao wanne?" Akasema, "Hata mimi sijui. Hayakuandikwa."

Tulipokuwa tunarudi, mama yangu Skolastika akamwuliza baba, "Kwani yule wa kwenye paa, alikuwa amewabeba wenzake zamani?"

Baba akasema, "Sasa hilo limetoka wapi?"

"Nauliza tu. Gervasi hakusema."

"Basi kamwulize Gervasi." Na baba akaongeza mwendo.

Siku ya Jumanne asubuhi Balthazar akaanguka kutoka juu ya mti akitundika mzinga. Yowe la Yasinta lilitukuta tunakunywa uji wa mtama. Tulipofika, alikuwa ameshaburutwa ndani na Yasinta na wanawe, amelala mkekani, rangi imemtoka, na mfupa wa paja umechungulia nje. Mimi niliona, ingawa mama alinifunika macho. Mzee wetu wa kuunga mifupa akaja, akaufunga mguu kwa magome na vijiti, akaosha mikono yake, akasema mbele ya watu wote, "Hii si kazi yangu. Huyu aonane na daktari leo. Kesho, mguu utakuwa umeoza, na atafuata mguu wake."

Baiskeli ilikuwa imeegemezwa ukutani pale pale. Hakuna aliyeitazama, na wote waliiona.

Wanaume wakamgeukia baba yangu. Mimi nilimjua baba. Hakuwa mtu mbaya. Akasema, "Sheria mnaijua. Aje mwenyewe aombe."

Mama akasema, "Aje kwa mguu upi?"

Watu wakaguna. Haikuwa kawaida mama kumjibu baba mbele za watu.

"Mama Mektilda," baba akasema polepole, akiniita mimi ndani ya jina lake, kama alivyozoea akitaka amani, "nikimbeba leo huyu aliyetucheka, kesho nikipiga yowe nani atakuja? Kila mtu atasema, hata Balthazar alibebwa. Machela itakufa. Na ikifa, ni wangapi watakufa nayo?"

"Sijui kesho," mama akasema. "Mimi naona leo." Akamgeukia Balthazar pale chini. "Na wewe shemeji, huna mdomo? Omba!"

Balthazar alikuwa anatetemeka meno. Akafumba macho, akageukia ukutani. Kiburi, ndugu yangu, ni ugonjwa wa pili, na siku hiyo alikuwa nayo yote mawili. Wanaume wakatoka mmoja mmoja kwenda mashambani, vichwa chini. Baba akatoka mwisho.

Mama akanishika mkono. Nilidhani tunarudi nyumbani. Tukaenda kwa Melania.

Melania alikuwa ameketi anamenya ndizi, vidole vyeusi kwa utomvu. Alikuwa mjane sasa, mwanamke wa mdomo, mcheshi hata msibani, lakini siku hiyo alikuwa amekaa kwake, hakuja kuona. Mama hakusalimia hata. Akasema, "Nimekuja kwako kwanza. Ukisema hapana, siendi kwa mwingine, na sitakulaumu."

Melania akaendelea kumenya. Ganda moja likaanguka. La pili. La tatu. Nilikuwa nasikia kisu tu. Kisha akauliza, "Ni mzito kiasi gani, yule?"

"Kama gunia mbili za muhogo."

"Asali yote ile anakula peke yake, atakosaje uzito?" Akatupa kisu ndani ya karai. "Mlete Veneranda, ana mabega. Lakini ni mfupi, atatuinamisha."

Hivyo ndivyo walivyokuwa wanne: mama yangu Skolastika, Melania mjane, Veneranda msuka vikapu, na Yasinta mwenyewe, mke wa Balthazar. Mama akaingia ukumbini kwetu, akapanda juu ya kinu, akaishusha machela. Vumbi lake lilimwangukia kichwani akaonekana mzee wa mvi.

Mabega ya wanawake hayajazoea miti. Sisi tunabeba kichwani. Hatua chache tu, Yasinta akalia kwamba mti unamkata. Ndipo Veneranda akasema tuweke kata, kama zile za kubebea mtungi kichwani. Wakasokota majani makavu ya mgomba, kila mmoja akaweka kata begani, na yeye Veneranda, kwa ufupi wake, akaweka tatu moja juu ya nyingine. Machela ikasimama sawa kama maji kwenye bakuli. Balthazar ndani alikuwa ananguruma kwa maumivu, hasemi neno.

"Unanguruma nini?" Melania akamwambia. "Piga kengele basi, watu watupishe."

Yasinta, akiwa na mume kufa kupona, akacheka. Wote wakacheka, na kicheko kile kikawapandisha kilima cha kwanza.

Sasa, hapa ndipo kosa lilipofanyika, na nusu yake ni langu. Mlango wa Balthazar ulikuwa mwembamba, kwa hiyo walimtoa miguu ikitangulia, wakanyoosha njia hivyo hivyo. Kwetu mgonjwa anabebwa kichwa mbele. Anayebebwa miguu mbele ni maiti. Mwanamume yeyote wa machela angegeuza pale pale uani bila kufikiri. Lakini mama na wenzake waliwaza uzito na muda, basi. Na mimi, niliyepewa kibuyu cha maji na kazi ya kufukuza nzi, nilipoona jua limepanda na nzi wamezidi, nikachukua kanga ya mama ya akiba nikamfunika Balthazar gubigubi, kuanzia kichwani. Niliona nimefanya la maana sana.

Fikiri wewe uko kilima cha jirani, unalima. Unainua mgongo, unaona machela inapita bondeni. Miguu mbele. Imefunikwa uso. Na waliobeba ni wanawake! Utasema nini? Utasema amekufa, na huko kwao wanaume wamepatwa na jambo kubwa zaidi.

Jembe la kwanza lilianguka. Kisha tukasikia sauti ya mwanamke mzee, ndefu, nyembamba, ikipanda: "Yuuuu! Leo nani tena, leo nani!" Kilima kizima kikapokea. Watu wakaanza kushuka kwa njia zote, mikono kichwani. Mama zangu wanne walikuwa wamechoka hawana hata pumzi ya kusema. Walikuwa wamefika mahali pa kuweka mzigo chini na kuanguka kando yake. Wakauweka chini, wakainama wanahema, na watu wakaona ni kwikwi za kilio.

Yule bibi akafika wa kwanza, akapiga magoti penye machela. Baadaye nilimjua, ni Bibi Adela, aliyekuwa hapitwi na msiba wowote. Akauliza bila kungoja jibu, "Ni nani?" Mimi, mtoto mjinga, nikajibu, "Ni Balthazar." Basi akaanza kumlilia kwa sifa, kama anavyoliliwa mtu:

"Ee Balthazar, mkarimu wetu! Ee mlango uliokuwa wazi! Nani atatupa asali sasa? Nani atatubebea wagonjwa wetu?"

Nyuma yake mwanamume mmoja akasema kwa sauti ya chini, lakini si ya chini sana, "Mkarimu wapi? Si ndiye huyu wa baiskeli?"

Na kutoka chini ya kanga ikatoka sauti: "Nani huyo amesema?"

Ndugu yangu. Nimeishi miaka mingi, sijaona tena watu wakikimbia namna ile. Bibi Adela, na umri wake, aliruka mfereji. Mwanamume mmoja alipanda mti. Melania alikaa chini kwenye tope, akanyoosha miguu, akacheka mpaka akashindwa kusimama, anapiga ardhi kwa kiganja. Yasinta akamfunua mumewe uso, na mumewe alikuwa analia. Si kwa mguu. Alikuwa anamtazama Melania, na machozi yanaingia masikioni.

Akasema, "Melania. Siku ile nilisikia. Nilikusikia unaniita, na nilikuwa na nguvu."

Kicheko cha Melania kikakatika. Akajifuta tope mikononi, akaja akainama juu yake. Nilidhani atampiga. Akamwekea kichwa vizuri, akamtoa jani kwenye nywele.

"Najua ulikuwa na nguvu," akasema. "Nimekubeba. Nimeona uzito."

Ni hayo tu waliyosemezana. Lakini watu waliokuwa wamekimbia walikuwa wamerudi, wamesimama karibu, nao wakayasikia. Na kwa kuwa walikuwa wameshaweka majembe chini, na wameshalia, wangerudije shambani kama hakuna kitu? Yule yule aliyesema "mkarimu wapi" akashuka kutoka kwenye mti, maana ndiye aliyekuwa amepanda, akashika mti wa mbele wa machela. Watatu wakaja. Wakamgeuza kwanza, kichwa mbele.

Kumbe kilio kilikuwa kimerudi nyuma kilima kwa kilima mpaka kwetu. Baba yangu alikuwa shambani, na habari iliyomfikia ilisema: Balthazar amefia njiani, wanawake wamebaki na maiti peke yao. Tulipokuwa tunakaribia mto tukasikia nyuma yetu mbio za watu wengi. Walikuwa wanaume wa machela wote, kifua wazi, na baba mbele. Sijawahi kumwona baba akilia kabla ya hapo. Alikuwa anakimbia na jembe mkononi, amesahau kuliacha, anasema, "Nimemwua. Mama Mektilda, nimemwua jirani yangu kwa sheria."

Akafika penye machela. Balthazar akamtazama kutoka ndani.

"Leonsi."

Baba akaangusha jembe. "Balthazar! Hujafa?"

"Bado. Wameshanililia, lakini." Akajiinua kwa kiwiko. "Naomba kurudi kwenye machela. Siwezi kusimama. Nimekuja mwenyewe hivi hivi."

Baba aliingia chini ya mti wa mbele, akampokea yule mtu, na hakumwachia mwingine yeyote mpaka mlango wa hospitali. Mto ulikuwa umejaa kiasi, maji kifuani. Waliinua machela juu ya vichwa, na upande wa pili Veneranda akawagawia kata zake tatu. Walizicheka zile kata kwa hatua kumi, halafu kila mmoja akaomba yake. Tangu siku hiyo hakuna mwanamume wa kilima chetu aliyebeba machela bila kata.

Tulifika jua likiwa bado juu ya miti. Mguu uliokolewa, lakini ulipona mfupi. Melania alisema ni sawa, sasa atalingana na Veneranda.

Kwa mguu ule Balthazar hakuweza tena kubeba, machela ingeinama. Kwa hiyo akajitafutia kazi yake. Kila mgonjwa alipobebwa, usiku wa mvua au mchana wa jua, yeye alitangulia mbele akichechemea na fimbo, kibuyu cha maji ya asali begani, akiwapigia watu kelele juu ya vilima: "Si maiti! Ni mgonjwa! Yu mzima bado, njooni tumbebe!" Na watu walikuja, hata wa vilima visivyo vyetu, hata wasiokuwa kwenye orodha yoyote. Baba hakumwondoa mtu tena. Machela haikufa, kama alivyoogopa. Ndiyo ilinenepa. Mimi mwenyewe nilibebwa ndani yake nikiwa na uchungu wa mtoto wangu wa kwanza, nikaisikia ile sauti mbele yangu, "Yu mzima bado!", nikasema moyoni, kumbe bado, basi ngoja niendelee.

Balthazar alikufa mzee sana. Tulikusanyika wote. Bibi Adela alikuwa ameshatangulia, kwa hiyo Melania ndiye aliyemlilia, mvi zimemjaa, sauti imepasuka. "Ee Balthazar mkarimu wetu," akasema, "ee mlango uliokuwa wazi." Halafu akanyamaza. Na msiba mzima ukanyamaza. Hakuna aliyetuambia, lakini sote tulitega sikio kuelekea kwenye machela, iliyokuwa inaenda miguu mbele, imefunikwa uso. Tulisubiri.

Safari hii Balthazar hakuuliza kitu. Melania akatikisa kichwa, akasema, "Basi ni kweli," tukaanza kulia.

Sasa wamekwenda wote. Mimi nakaa Biharamulo kwa binti yangu, hospitali iko karibu, na juzi nilipopata homa pikipiki ilinifikisha kabla sijamaliza kuvaa viatu. Ni jambo jema, sitalisema vibaya. Kijana aliyeniendesha alikuwa na adabu, alinipa shikamoo, akaniuliza kama nashika vizuri. Lakini njia nzima hakuna aliyeacha jembe. Hakuna aliyejua kama ninayepita ni mgonjwa au naenda sokoni, na mimi nilikosa ile sauti mbele yangu.

Kaka alitaka kumfukuza yule kuku ili anishushie machela niione vizuri. Nilimkataza. Mayai yalikuwa saba, yana joto. Nilisimama juu ya kigoda, mjukuu wangu akanishika kiuno, nikaugusa ule mti wa mbele pale ulipolainika kwa mabega, nikamtajia mtoto majina, akayarudia mpaka akayashika: Skolastika, Melania, Veneranda, Yasinta. Gervasi alisema ya wale wa kwenye paa hayakuandikwa. Haya mimi nimeyaandika.